Siku Kiboko Walipogeuza Jezi

Jumatatu ile benchi letu la karibu na stendi ya Babati lilijaa mapema. Ulikuwa mwaka wa themanini na tatu, sukari haionekani madukani, na Mikidadi muuza kahawa alishaacha kutengeneza kashata. Hatukujali. Jana yake, hapa hapa nyumbani, timu yetu, Kiboko, ilikuwa imewafunga Kondoa na kupanda daraja. Msimu mzima tulikuwa tumekatazwa hata kulitaja jina hilo. Mwenyekiti wa timu, Ndugu Shomari, mfanyabiashara mwenye lori la kubebea wachezaji, alikuwa ameibatiza timu Nyota Njema. Alileta jezi nyeupe zenye nyota kubwa kifuani, akatangaza kwamba mchezaji atakayeitikia Kiboko hapandi lori lake.

— Alitaka kuwapendeza wakubwa wa Arusha, alisema Bushiri fundi cherehani, ambaye tunamwita Redio kwa sababu hana pa kumzimia. Aliona aibu kwenda mkutanoni na jina la mnyama.

— Aibu gani, alisema Konstantini, mkulima wa Nangara, ambaye tunamwita Lainsmani kwa kuwa aliwahi kushika kibendera mechi moja. Viboko walitoka ziwani wakamaliza mahindi yote ya Shomari. Alikuwa analipa kisasi.

— Kwa timu ya mpira?

— Sasa angelipa kwa viboko wenyewe?

Mikidadi akaweka birika chini.

— Nyie hamjui. Alitaka kutuuza. Timu ikishakuwa na jina lisilo na kwao, unaipakia lorini, kesho iko Moshi na watu wa Moshi wanasema ni yao tangu zamani.

Tulikuwa bado tunalipima hilo la Moshi alipotokea nahodha wetu, Paskasi, anachechemea.

— Shikamooni wazee.

— Marahaba. Kaa hapa, alisema Lainsmani akimpisha. Hebu tueleze, mapumziko kulitokea nini?

Paskasi alipokea kikombe, akanywa kwanza.

— Tulikuwa tumeshafungwa moja. Lakini kilichotuumiza si goli. Ni nyie. Uwanja umejaa na hakuna anayetoa sauti.

— Tungeshangiliaje? aliuliza Redio. Kiboko tunajua anavyokoroma. Nyota inaliaje?

— Ndiyo hivyo. Tumekaa chini, kila mtu anaangalia viatu vyake. Mara nikasikia mtu anakoroma kule upande wa wanawake. Peke yake. Nikaijua ile sauti. Mama yangu.

Sote tulimjua Mama Paskasi, Xaveria, mama mpole wa kijiji cha Mutuka, mwimbaji wa kwaya. Hakuna aliyewahi kumsikia akipaza sauti nje ya kanisa.

— Watu wakamgeukia, akaendelea tu. Halafu mwingine akaitikia, na mwingine, mpaka uwanja wote ukawa unakoroma. Nikavua jezi, nikaigeuza, nyota ikaingia ndani. Sikumwambia mtu neno. Nilipoinua kichwa, wote walikuwa wanageuza za kwao.

— Hukuogopa lori?

— Niliogopa. Nilifikiri nimewaponza wenzangu. Ndiyo maana nilikimbia vile.

Akafunga magoli mawili, na la pili ndilo lililomuumiza mguu. Hayo tuliyaona wenyewe, lakini tulimwacha atusimulie upya, pasi kwa pasi.

— Na Shomari? aliuliza Mikidadi.

— Mechi ilipoisha alishuka uwanjani. Tukasimama kumngoja. Alituangalia mmoja mmoja, jezi zimegeuzwa, mishono nje. Nikajua tunarudi vijijini kwetu kwa miguu. Akafungua mlango wa lori mwenyewe, akasema, “Kiboko, pandeni.”

Redio akajifuta macho na tepu yake ya kupimia. Lainsmani aliushika mkono wa Paskasi akawa hauachii.

Pembeni yetu alikuwa amesimama dereva mgeni, njiani kwenda Singida, anasikiliza huku kahawa yake ikipoa.

— Samahani ndugu zangu, alisema. Hili jina la Kiboko mlipewa na nani?

Redio akamtazama Lainsmani. Lainsmani akamtazama Mikidadi. Paskasi akainua mabega.

— Tulilikuta, alisema Lainsmani hatimaye.

— Kwa hiyo mnalipenda tu.

— Tunalipenda tu.

Lainsmani akanyoosha kikombe aongezewe. Mikidadi aliinamisha birika, likatoka tope la kahawa tu. Hakuna aliyeinuka.