Geti Lenye Kitabu cha Wageni

Kijiwe cha hawa wafanyakazi kutoka Afrika Mashariki ni kiti kilichong'olewa kwenye gari bovu, kimewekwa nje ya gereji moja pale Al Quoz, Dubai, wanapongojea basi la kampuni. Jioni hiyo kahawa ya Ashiraf, kwa jina la kijiweni Waziri, ilinyweka kwa hasira. Asubuhi kichanga kilikuwa kimeokotwa kwenye katoni nyuma ya maghala, kimefungwa taulo ya njano. Kilikimbizwa hospitali, na hakuna aliyejua kama kitapona. Gibson, gadi wa kliniki ya jirani, alikaa pembeni. Jana yake mchana dada mmoja mwenye kichanga kwenye taulo hiyo hiyo alimwomba amfungulie geti, akagoma kuandika jina kwenye kitabu cha wageni. Gibson akamrudisha. Hakuwa amemwambia mtu, na roho ilimuuma vibaya.

— Huyo mama ni shetani, alisema Jairus, ambaye wao humwita Profesa.

— Shika adabu yako! Rispah, mfagiaji, alimkatiza. Mtoto angempeleka wapi? Hana ndoa, na hapa hiyo ni kesi; pasipoti kashikilia madam wake.

— Kuna nchi zina sheria, alisema Waziri. Unamweka mtoto kwenye kidirisha cha hospitali, kengele inalia, unajiendea zako. Huulizwi jina.

— Hapa wangekiboresha, alisema Profesa. Kingesoma kitambulisho kwanza.

— Na uso!

— Halafu arbab, bosi wako, apate ujumbe: mfanyakazi wako ameacha mzigo, asante kwa kutumia huduma yetu.

Wakacheka, kicheko kibaya.

— Na gadi mlangoni, Profesa akaongeza. Gibson, kazi yako hiyo!

— Lazima kuwe na kitabu, Gibson alijikuta akisema. Jina, namba ya simu, saa ya kuingia.

— Sasa siri iko wapi, bwege wewe?

— Bila kitabu nafutwa kazi, Rispah. Siku hiyo hiyo. Khalas.

Fortunate, dada wa Uganda aliyeanza usafi wiki hiyo, akamgeukia Gibson, bila ubaya wowote.

— Kaka, huyo dada angekuja getini kwako, ungemfungulia?

Waziri alijifanya anakaza kifuniko cha chupa ya kahawa. Profesa alitazama barabarani.

— Alikuja, Gibson alisema.

— Nani?

— Aligoma kuandika jina.

Rispah akamnyang'anya Gibson kikombe, akaimwaga kahawa yake mchangani. Basi likapiga honi mara mbili, na hakuna aliyesimama.