Kivuli Kipana Kuliko Sayari

Mgeni rasmi, Afisa wa Elimu wa Wilaya, Bwana Mbaabu. Mwalimu mkuu, walimu, wazazi na wenzetu: hamjambo.

KARIBU KANYAKINE

Sisi wasichana wa Chama cha Anga tunakushukuru kwa kupanda huku katika matope ya Novemba.

TULIKOTOKA

Chama kilianza mwaka 1995, Mwalimu Nyamu aliposikia redioni kuwa imegunduliwa sayari kubwa ya gesi iliyo karibu mno na nyota yake, hata mwaka wake ni siku nne. Mwezi huu, miaka minne baadaye, nyingine imetangazwa kuonekana ikipita mbele ya nyota yake. Mwenzetu Nkirote akauliza, "Mwalimu, kwa joto hilo, hewa yake haitoroki?"

"Wataalamu wanadhani inatoroka. Wewe utaionaje?"

MAFANIKIO

Maabara ya fizikia hatuna. Nkirote aliteleka sufuria ya githeri, mahindi na maharagwe, katika chumba cha mapishi cha sayansi kimu, jua likipiga dirishani: jua liwe nyota, sufuria iwe sayari. Ukutani kikaanguka kivuli cha sufuria tu.

Tukamtania: "Nkirote, sayari yako imelala!"

"Iacheni, imeshiba!"

Yeye alitazama ukuta, kisha sufuria, akaona kosa letu: kwa mazoea ya nyumbani, tulikuwa tumefunika githeri kwa majani ya ndizi. Akayaondoa. Mvuke ukapanda, na kivuli kikaota ukingo unaotetemeka, kikawa kipana kuliko sufuria.

Akatueleza. Majani ni mvuto wa sayari, unaoizuia gesi. Joto la nyota likizidi, gesi huponyoka. Wanaastronomia wanaweza kuitenga nuru ya nyota rangi kwa rangi, kwa kuwa kila gesi hula rangi zake. Iwapo katika rangi ya hidrojeni nyota itafifia zaidi kuliko sayari yenyewe inavyoweza kuiziba, basi gesi imeenea nje ya sayari. Hilo bado halijapimwa. Nkirote anataka kuwa miongoni mwa watakaolipima.

CHANGAMOTO

Tumeambiwa kwamba Januari, tukiingia Kidato cha Tatu, fizikia haitafundishwa hapa, kwa kuwa wanaoitaka ni wachache. Nkirote atapelekwa sayansi kimu. Somo hilo hatulidharau. Sufuria ilikuwa ya wanafunzi wake.

OMBI

Hatuombi jengo wala darubini. Tunaomba fizikia ibaki. Uamuzi ni wako, nasi hatutaki uutoe kwa huruma. Sufuria iko motoni sasa hivi, jua lingali dirishani, na majani ya ndizi tumeyaacha juu yake. Tafadhali yafunue mwenyewe, utazame ukuta, kisha utujibu.

Mungu akuteremshe salama, na mvua ikungoje ufike.

Ni sisi,
Chama cha Anga, Kidato cha Pili.
Msomaji: Gatwiri.