Muhuri wa Kiguu na Njia

Ndugu, jamaa na majirani, nanyi mafundi mliokuja na nguo za kazi kwa sababu hamkupata nafasi ya kupita nyumbani, familia imenipa mimi, dada mkubwa wa marehemu, kazi ya kuwasomea maisha yake, nami nitajitahidi nisiwachoshe, maana mwenyewe hakuwahi kukaa kitako akasikiliza hotuba mpaka mwisho.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1971, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stesheni ya reli, akiwa mtoto wa tatu kati ya watano, na mama yetu alidai kwamba alitembea kabla ya kutambaa, jambo ambalo hatuna shahidi wake, ila sote tunakumbuka alivyokuwa akila amesimama, akisoma amesimama, na hata akilala miguu ikaendelea na safari, mpaka mtaa mzima ukambandika jina la Kiguu na Njia, na lile alilopewa na baba likabaki la kuitwa darasani tu.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1979 hadi 1985, akihamishwa dawati kila muhula kwa kuwasumbua wenzake, na Januari 1987 alijiunga na chuo cha ufundi, ambako aliambiwa achague mbao au chuma, akachagua chuma kwa madai kwamba mbao hungoja, chuma cha moto hakimngoji mtu. Huko ndiko tulikostaajabia, kwa sababu alipofunika uso kwa kinyago cha kuchomelea na cheche zikaanza kuruka, ndugu yetu alitulia kama maji mtungini, na mama alipokwenda kujionea kwa macho yake alirudi akisema kwamba kijana aliyeonyeshwa si mwanaye.

Tarehe 4 Juni 1990 aliajiriwa katika karakana ya vyuma vya majengo iliyo kando ya ghala la nafaka, wanapounda nguzo na mihimili, na baada ya majaribio akakabidhiwa muhuri wake. Kwa wasioijua kazi hiyo, kila mchomeleaji ana muhuri mdogo wa chuma wenye namba yake, na akimaliza kiungo huugonga kwa nyundo pembeni, ili siku kitu kikilegea ijulikane nani wa kuulizwa, na marehemu alipenda sana kuwa mtu wa kuulizwa, hata Jumapili alitukokota sokoni na kwenye daraja la waenda kwa miguu, akiinama chini ya vyuma kutafuta namba yake huku watu wakidhani amedondosha kitu.

Alifunga ndoa tarehe 13 Desemba 1997 na fundi cherehani, wifi yetu huyu mnayemwona, ambaye mpaka leo husema alidhani anaolewa na mchomeleaji, kumbe ni mkaguzi wa madaraja. Pamoja na mke alipata shemeji, mdogo wa mkewe, kijana aliyekuwa akishinda barazani bila kazi, akamchukua karakana, akamfundisha kazi kwa ukali na mizaha, mpaka naye akapewa muhuri wake, na wakachomelea kwenye meza moja kwa zaidi ya miaka ishirini. Mungu aliwajalia watoto wawili, binti aliyezaliwa tarehe 2 Mei 1999 na kijana aliyezaliwa tarehe 20 Septemba 2004, ambaye kwa mwendo wake tu hahitaji kutambulishwa.

Februari 2023 karakana ililetewa mashine ya kuchomelea yenye mkono mmoja na jicho, inayoongozwa na akili bandia, ikisoma mchoro yenyewe, ikiutazama mshono wake na kujisahihisha papo hapo, na mafundi wakaiita Mgeni, wakitaniana kwamba mgeni ni siku mbili, ya tatu mpe jembe, ila huyu kaja na jembe lake. Kiguu na Njia aliikagua kazi ya Mgeni kiungo kwa kiungo akitafuta kasoro, hakuipata, na hapa familia haitaki kumsingizia mtu wala mashine, ilikuwa kazi safi, na usafi huo ndio uliomkosesha raha.

Lakini mkaguzi wa majengo hapokei mhimili usio na namba ya mtu, na Mgeni si mtu, kwa hiyo Oktoba 2024 ofisi ilimwomba ndugu yetu akague mihimili ya paa la shule iliyochomelewa na Mgeni, kisha aigonge muhuri wake, naye akaigonga yote, kwa kuwa ilikuwa mizuri na hakuona uongo mahali popote. Wiki iliyofuata wachomeleaji kumi na mmoja waliambiwa wasirudi, shemeji yake akiwa miongoni mwao, kwani ukiwa na Mgeni na muhuri mmoja, mikono mingine ya nini?

Tangu siku hiyo hakushika tena moto, alimzunguka Mgeni toka kengele ya kuingia hadi ya kutoka, na akitoka alipitia milango ya wale kumi na mmoja, akiwatafutia vibarua vya mageti, madirisha na matela, wengine wakimpokea, wengine wakimwambia kwa adabu aende zake, na shemeji yake akamwambia mbele ya watoto kwamba aliyempa ngazi ndiye aliyekuja kuiondoa. Hawakusemezana tena.

Juni 2025 ilifika zamu ya mihimili ya wodi mpya ya wazazi, na safari hii hakugonga. Wenzake waliobaki, wakataji na wapaka rangi wasio na muhuri, walimjia kwa makundi, hawa wakimsihi agonge maana mihimili isipotoka hakuna mshahara, wale wakimsihi asithubutu maana muhuri wake ndio komeo la mwisho mlangoni, naye akaitaka ofisi iwarudishe watu wachomelee japo viungo vya mwisho, kila mtu agonge vyake, ofisi ikasema itafikiria. Nyumbani mkewe alimwambia aketi, akaketi, akainuka, akaenda dirishani, akarudi.

Tarehe 2 Agosti 2025, akiwa uani mwa karakana akiizunguka mihimili ile, alianguka kwa kiharusi, akapelekwa hospitali ile ile ambako kina mama hulala wawili kitanda kimoja wakiisubiri wodi hiyo, na kauli ikampotea. Shemeji yake alifika tarehe 6, wakashikana mikono mpaka muuguzi alipokuja kumtoa. Ndugu yetu alifariki asubuhi ya tarehe 11 Agosti 2025, akiwa na umri wa miaka hamsini na minne.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, ambao walimhudumia bila kumwuliza habari za mihimili, majirani waliotuazima viti na sufuria, mafundi wote, waliobaki na walioondolewa, waliochimba kaburi pamoja bila kuchaguana, na ofisi ya karakana kwa gari na maturubai haya.

Na kwa kuwa marehemu hakupenda mambo ya kunong'onezana, mjue kwamba jana jioni, chini ya maturubai haya haya, ofisi ilimwomba shemeji yake arudi kazini, si kuchomelea, bali kugonga muhuri wake kwenye mihimili ile ya wodi. Ana watoto watatu shuleni, na wodi inahitajika kweli, na mpaka tunasimama hapa hajajibu. Mimi nina hasira tangu jana, na sijui nimkasirikie nani.

Mdogo wangu, hilo hukulimaliza, na wala hatukulaumu, tuachie sisi tulio hai tuhangaike nalo. Wewe umekwisha kutembea vya kutosha, pumzika kwa amani.