Mfuko Mmoja kwa Watu Wawili

OPERETA: Nyansiongo, ongea sasa. Kisii iko kwa laini. Dakika tatu tu.

MACHOGU: Haloo? Haloo! Hapo ni duka la mzee Gulled?

SHUEIB: Ni duka lake, na mimi ni Shueib, kijana wake. Nani anapiga kelele namna hiyo?

MACHOGU: Ni mimi, Machogu! Mpishi wa Bwana Pilipili.

SHUEIB: Machogu! Bwakire, ndugu yangu. Watu wa huko?

MACHOGU: Bwakire buya. Wako salama. Mzee Gulled hajambo?

SHUEIB: Hajambo, alhamdulillahi. Bado unavaa vile viatu vizee vya Bwana, kisigino kimoja kimeng'oka?

MACHOGU: Viatu ni viatu. Sikiza, Bwana na Memsahib wako huko kwa josho la ng'ombe, wameniachia kazi ya kuagiza vitu. Wiki kesho tunapanda Elgon kuwinda nyati.

SHUEIB: Elgon! Baridi ya huko—

MACHOGU: Usiniambie. Mwaka jana maji yaliganda kwa sufuria, nikayavunja na shoka ndipo nichemshe chai. Asubuhi Bwana ananiita, mdomo haufunguki.

SHUEIB: Basi umefika kwa mwenyewe. Nina mifuko ya kulalia ya namna tatu. Ya kwanza, manyoya ya bata: unaingia, unafunga zipu mpaka shingoni, kichwa tu kinabaki nje kama kuku kwa kikapu. Ya pili imejazwa sufi. Nyembamba kidogo, lakini ukungu ukiilowesha haikusumbui. Ya tatu ndiyo mama yao. Masalio ya jeshi, pana, watu wawili wanalala ndani wakageuka—

MACHOGU: Hiyo ya tatu. Hiyo ndiyo Bwana anataka.

SHUEIB: Safi! Nakufungia sasa hivi—

MACHOGU: Usifunge! Sema imekwisha.

SHUEIB: Imekwishaje na iko hapa mbele yangu?

MACHOGU: Bwana akipiga jioni kuuliza, mwambie imeliwa na panya.

SHUEIB: Machogu, leo Ijumaa. Mimi sisemi uongo kabla ya swala.

MACHOGU: Sema baada ya swala.

SHUEIB: (anacheka) Astaghafirullah. Kwani huo mfuko ni wa nani?

MACHOGU: Wangu na wa mzee Nyasani, yule anayemfuatia Bwana nyayo za wanyama. Bwana anasema tuingie ndani wawili, tupeane joto.

SHUEIB: Mzee Nyasani?

MACHOGU: Ee.

SHUEIB: Hebu ngoja. (anafunika simu)

MACHOGU: Haloo? Shueib? Nani anakohoa hapo?

SHUEIB: Mteja tu. Ameketi juu ya gunia la chumvi, anakunywa chai. Sasa mzee Nyasani amekukosea nini?

MACHOGU: Anakoroma.

SHUEIB: Na Ondieki mliyelala naye mwaka jana? Huyo anakoroma mpaka fisi wanahama.

MACHOGU: Anavuta kiko.

SHUEIB: Kiko kinazimwa.

MACHOGU: Miguu yake ni mirefu—

SHUEIB: Mfuko ni mrefu kuliko miguu yake. Wewe sema ukweli. Unataka ulale peke yako kama mzungu.

MACHOGU: Si hivyo! Ni... ni mambo ya chinsoni.

SHUEIB: Chinsoni? Hiyo aibu yenu naijua, nimezaliwa hapa. Ni ya mtu na baba yake, au ya mtu na mkwe wake. Nyasani ni baba yako?

MACHOGU: Yaya, siyo.

SHUEIB: Ni mkwe wako?

(Waya unakwaruza.)

SHUEIB: Machogu?

MACHOGU: Bado.

SHUEIB: Bado! Laini mbaya, sikupati. Sema kwa nguvu.

MACHOGU: Nasema, yule binti yake, Orpah—

SHUEIB: Nani? Kwa nguvu, bwana!

MACHOGU: ORPAH! NASEMA NAMPENDA ORPAH! NATAKA KUMUOA!

OPERETA: Hata bila waya imefika.

MACHOGU: Kumbe wewe unasikiliza?

OPERETA: Mimi sisikilizi mambo ya watu. Dakika tatu zimekwisha. Niongeze?

MACHOGU: Ongeza, mama, ongeza!

SHUEIB: Sasa si umwambie mzee?

MACHOGU: Nimwambie kwa mdomo gani? Esigani wangu hajaenda. Yule mjomba niliyemchagua awe mshenga amelala, malaria imempiga. Kabla yeye hajabisha hodi, mimi na mzee ni watu wa kazi tu. Na nikiingia na yeye gunia moja, tukagusana miguu usiku kucha, siku ya posa nitakaa vipi mbele yake? Wazee watauliza, huyu si ndiye alilala na baba mtu blanketi moja? Nimpoteze Orpah kwa sababu ya baridi?

SHUEIB: Basi kataa.

MACHOGU: Nikikataa bila sababu, mzee atasema namdharau. Nikitoa sababu, nimemkosea heshima, maana sijamtuma mtu. Shueib, naogopa. Hata hapa jikoni penye moto sipati usingizi.

SHUEIB: Pole sana. Na yeye hajui kitu?

MACHOGU: Atajuaje? Mimi napita nyuma, kwa migomba, jioni, Orpah akienda kuteka maji. Hata mbwa hawabweki, nawapa mifupa ya Memsahib.

SHUEIB: Na huyo mzee kazi yake ni nini, umesema?

MACHOGU: Kufuata nyayo za—



SHUEIB: Endelea.

MACHOGU: Shueib. Leo mzee yuko wapi? Watu wanasema ameenda Marani kwa ndugu yake.

SHUEIB: Lori la maziwa limemshusha hapa asubuhi.

MACHOGU: Yule mteja. Wa gunia la chumvi.

SHUEIB: Ndiye.

MACHOGU: Uuui! Mama yangu! Na mimi nimepiga ile kelele—

SHUEIB: Laini ilikuwa mbaya.

MACHOGU: Laini ilikuwa nzuri, wewe shetani! Nakata!

SHUEIB: Usikate! Sikiza kwanza. Bwana alimwambia yeye pia habari ya mfuko mmoja. Amekuja mwenyewe kabla sijafagia. Nimemwonyesha ule mpana, ameusukuma na fimbo. Akasema, "Nipe mbili mbali mbali." Nikamuuliza kwa nini, mzee wangu, na huu una joto?

MACHOGU: Akasema nini?

SHUEIB: Akasema, "Mtu halali na mkwe wake."

(Simu inaanguka, inagonga ukuta.)

SHUEIB: Haloo? Nyansiongo?

MACHOGU: Niko. (anapenga kamasi) Alisema hivyo? Kabla sijapiga simu?

SHUEIB: Wallahi, na leo ni Ijumaa. Anasema nyayo za swala hazimpotei, itakuwa kiatu cha mzungu kilichong'oka kisigino? Kinatoka jikoni, kinapita kwa migomba, kinafika kisimani, kinarudi polepole.

MACHOGU: Niruhusu nimwamkie—

SHUEIB: Anatikisa kichwa. Mkwe hasalimiwi kwa waya. Mjomba apone, aje na mdomo wake.

MACHOGU: Na Bwana? Yeye anataka mfuko mmoja.

SHUEIB: Anasema Bwana hawezi kumwona nyati bila Nyasani. Kwa hiyo ni mbili. Ya manyoya amechukua yeye. Wewe amekuchagulia ya sufi.

MACHOGU: Ile nyembamba? Shueib, Elgon nitakufa!

SHUEIB: Anasema joto utapata ng'ombe zikifika.

MACHOGU: (anacheka, analia) Mwambie sawa. Mwambie hata nikilala juu ya barafu—

OPERETA: Nyansiongo, muda umekwisha.

MACHOGU: Bado kidogo! Mwambie asante! Shueib, mwambie—

SHUEIB: Anasema asante yako iweke. Jioni usipite tena kwa migomba. Siku ya kuja, pita njia ya mbele, na viatu vyenye visigino viwili—

OPERETA: Nakata sasa. Hongera, Nyansiongo.