Kilio Yenye Nilikatisha

Bandugu, bamama, bantu bazima ba Kamalondo, Mungu alinde hii kikao yetu. Muliomba nisimame niseme namna gani muntu anatoka mu vita na kurudilia bantu. Nitasema. Bibi yangu iko pale ananiangalia, basi nikidanganya atakohoa.

Munajua nilienda kwa kupenda yangu. Hakuna muntu alinifunga kamba. Bazungu balitafuta bavolontere ba kubeba bagonjwa ku vita ya Birmani, mbali sana, kuvuka bahari, na miye nikainua mukono. Nilimuachia baba mukwe bibi yangu na mutoto. Alikuwa muzee, amechoka na kazi ya reli, lakini yeye njo alibalisha miaka yote ile.

Kule ilikuwa mvua, matope, na machela ku mabega. Shefu wetu alitufundisha: "Usiangalie uso ya mugonjwa. Angalia miguu yako. Ukiangalia uso, utaanguka naye." Na mwenye kufa asubuhi, mbele ya saa sita iko mu udongo. Hakuna wimbo, hakuna mama yake. Ndugu zangu, ile kazi niliijua sana, na nilijivuna nayo.

Nikarudi. Mulinipokea na ngoma, mulinipa munkoyo ya kunywa, mulinishika-shika koti ya kaki. Miye, juma haijaisha, nilikuwa nimechoka na makelele yenu. Mutoto akilia, ninamuambia, "Simama sawa!" Bibi akichelewa kupika bukari, ninaangalia saa. Tukienda ku kilio, ninauliza, "Maiti inangojea nini?" Mukaniita Bwana Saa Sita. Mucheke tu, ni haki yenu. Miye nilizania ni sifa.

Sasa baba mukwe akagonjwa kifua, akalala kwetu. Mama mukwe alikuwa ku Mitwaba, ameenda kuvuna karanga yake. Tukamutumia habari. Lakini muzee hakumungojea. Alikufa alfajiri, mu nyumba yangu.

Bibi yangu akapiga magoti. "Baba ya mutoto wangu, nakuomba. Mama iko mu njia na kamyo. Kesho atafika. Umungojee."

"Kesho? Na hii joto?"

Bamama balikuwa bameanza kulia. Nikapiga mikono: "Nyamazeni! Makelele haifufue muntu!" Nikamuosha muzee mwenyewe, mbio-mbio, nikamufunga mu bulangeti, nikaita banaume ba kubeba. Mbele ya saa sita alikuwa mu udongo. Nikarudi, nikanawa mikono, nikaomba chakula. Ee Mungu wangu. Niliomba chakula.

Munajua kwetu nyumba ya kilio inasikika tokea mbali. Kesho yake mama mukwe akashuka ku kamyo, kitunga ya karanga ku kichwa. Akasikiliza. Kimya. Hakuna hata mama moja alikuwa analia. Akaanza kukimbia, mama muzee ule, anacheka, anaita bibi yangu kwa jina: "Basi amepona! Baba yako amepona!"

Sitasema namna gani alijua. Siwezi. Hakunitukana. Alitia karanga chini, akaenda kukaa ku kaburi, na kamyo ilipogeuka akapanda nayo, pamoja na bibi yangu na mutoto wangu.

Nikabaki peke yangu. Mulinisalimia vizuri, sikatai, lakini hakuna muntu aliniita tena ku kilio. Haya inakula muntu, bandugu. Nilikuwa nasikia haya hata mbele ya sufuria yangu.

Muzee moja, jirani yangu, akanivuta pembeni. "Weye unakufa na huku unatembea. Enda Mitwaba."

"Nitatuma mbuzi, muzee."

"Mbuzi njo alikatisha kilio? Enda weye!"

Nikaenda, na mbuzi vilevile, maana miye ni mwoga. Muntu na mama mukwe habaangaliane, munajua. Yeye alikaa nyuma ya ukuta ya jiko, miye chini mu lupango, mu kiwanja ya nyumba, bibi yangu katikati. Mbuzi, mama mukwe akaikataa. Akasema: "Umuulize mukwe wangu. Yeye njo alimuosha. Uso ya bwana yangu ilikuwa namna gani?"

Nikatafuta mu kichwa. Nikaona miguu ya muzee. Nikaona bulangeti, na fundo yenye nilifunga. Uso, hapana.

"Umuambie mama... sikuangalia."

Nilingojea matusi. Kumbe akaniongelesha yeye mwenyewe, kupita ukuta: "Basi sikia, mukwe wangu. Alikuwa na kovu hapa ku nyusi, chuma ya reli ilimupiga. Akicheka, jicho ya kushoto njo ilikuwa inafunga mbele ya ile ingine. Jino yake moja ilipasuka juu ya kufungua chupa nayo, mupumbavu yule..."

Pale njo nilimuona baba mukwe, muntu mwenye alilisha mutoto wangu. Nililia mpaka udongo ikaingia mu kinywa. Na bale bote benye nilibeba kule Birmani bila kubaangalia, nikabalilia nabo. Bamama ba jirani bakasikia, bakakuya na mikeka, na kilio ya muzee ikaanza. Hakuna muntu aliuliza saa.

Aksanti kwa jirani yangu mwenye alinifukuza kwenda. Aksanti kwa bibi yangu, kwa kurudi. Aksanti kwenu: tulipofika hapa mulilala mu lupango yangu na kulia, kwa maiti yenye mulikatazwa kulilia. Na benye mulirudi kutoka mbali, nawaomba kitu kimoja: ile yenye ilikusaidia kuishi kule, usiitie bantu ba kwenu ku shingo kama sheria. Ungojee muntu mwenye iko mu njia.

Mama mukwe anaishi kwangu sasa. Siku ingine, anapepeta muchele, ananiuliza tena kupita mulango: "Mukwe wangu, haujakumbuka bado?" Ninamujibu, "Bado, mama." Anasema, "Haya," na anaendelea na muchele yake. Musinipigie mikono, bandugu. Ninakaa.