Mama Mutindi na Kitanda cha Mlangoni

Leo, tarehe 30 Juni 1994, Sista Mutindi Muthama anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja katika wadi yetu ya kifua kikuu. Nimefanya kazi naye tangu 1970, na hadi Jumanne iliyopita nilidhani namjua. Kumbe wapi.

Alitoka Migwani akiwa msichana mwembamba mwenye sauti ya kuita ng'ombe. Wauguzi wapya aliwafunza kwa kuwagombeza, halafu anawapikia chai. Daktari mmoja aliwahi kujificha kwenye stoo ya mablanketi mpaka Mama atulie.

Wazee wa kazi mnakikumbuka kitanda cha mlangoni. Mwaka 1971 wagonjwa wawili walifia pale wakifuatana, na wadi nzima ikakiita kitanda cha safari. Ukilazwa hapo, basi umekwisha: uji unaukataa, dawa unazitema, unaita watu wa nyumbani waje muagane. Sisi wauguzi pia tulikiita hivyo, tena mbele ya wagonjwa.

Ndipo akaletwa Rashid, taniboi, msaidizi wa dereva wa lori la Garissa, mgonjwa wa kutibika kabisa. Nafasi iliyobaki ilikuwa hiyo tu. Akageukia ukuta, hali, hamezi dawa, anatufia hivi hivi tukimwona. Mama Mutindi akaketi miguuni pake, akamsimulia habari za Kisilu wa Nuu, aliyelazwa papo hapo akiwa mifupa mitupu, akala, akamaliza dawa, akarudi kwao na kuoa mke wa pili. Rashid akataka kujua huyo mke alipatikana wapi. Jioni akaomba uji.

Alipopona na kwenda zake, watu walianza kukigombania kitanda kile. Mmoja alileta kuku ili apewe. Mimi mwenyewe nimesimulia habari za Kisilu miaka yote hii, na mbuzi nikamwongezea.

Basi Jumanne nilimuuliza Mama huyo Kisilu anakaa upande gani wa Nuu, nimwalike kwenye sherehe ya kumuaga. Akaendelea kukunja shuka. Akasema hakuna Kisilu, hajawahi kuwako. Mimi ni shemasi kanisani, na nilikasirika, siwafichi. Nikamuuliza kama tumekuwa waongo muda wote huo. Akanijibu kwamba wale wawili waliuawa na ugonjwa, lakini Rashid tulikuwa tunamuua sisi kwa midomo yetu, na siku hizo hakuna shemasi aliyekasirika.

Nilipokuwa natoka, Mbinya, yule msichana aliyelazwa mlangoni wiki hii, akaniita. Alikuwa na kikombe cha uji mkononi, hajaonja. Akauliza kama kweli Kisilu yuko hai. Nikamwambia ni mzima, na mbuzi wamezaa. Akanywa.

Asante sana, Mama Mutindi. Nenda ukapumzike Migwani, mvua ikukute na afya yako. Na ninyi wenzangu, nawasihi, jarida hili la hospitali lisiingie wadini. Mbinya anajua kusoma.