Hatua Sita za Wiki ya Kwanza, na Faili Moja Lililofungwa

Mgeni rasmi uliye Mkuu wa Ofisi ya Usajili wa Wakazi, mwalimu wetu wa lugha, msimamizi wa jengo, majirani, na watoto mliokatazwa kukalia mashine na bado mmezikalia:

MAKARIBISHO

Karibu sana. Hiki ni chumba cha kufulia cha jengo la tatu, na kila Jumamosi asubuhi ndicho ofisi yetu. Mashine tano tumezizima kwa heshima yako. Ya sita imegoma kuzimika, kwa hiyo ikianza kukamua tutanyamaza, ikimaliza tutaendelea. Risala tunaisoma kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha inayotukutanisha sisi tuliokuja kwa njia mbalimbali. Nakala ya lugha ya hapa iko mezani kwako. Imepitiwa na mwalimu, makosa yaliyobaki ni yake.

TULIKOANZIA

Kikundi chetu hakikuanzishwa na mkutano, kilianzishwa na nguo chafu. Miaka miwili iliyopita tulikuwa tunakaa hapa kusubiri nguo zikauke, kila mtu na karatasi zake mapajani, tukiulizana: hii wewe uliijaza vipi? Tukagundua kwamba kila mmoja amepotea palepale alipopotea mwenzake. Mwenzetu mwashi alitafuta kazi wiki saba kabla ya kusajili anwani. Akaipata Jumatatu, akaikosa Jumanne, kwa sababu hakuwa na namba ya mkazi. Dereva alisaini mkataba wa simu mbili akiwa amesimama mlangoni kwake, maana kijana aliyebisha hodi alikuwa na adabu.

"Alivua kofia," dereva akajitetea. "Mtu kakuvulia kofia, utamfungiaje mlango?"

Mpaka leo ile simu ya pili inamwamsha asubuhi. Hana kazi nyingine nayo.

Lakini somo kubwa tulilipata kwa Mama Pacha.

Mama Pacha ni fundi cherehani. Aliingia jengo hili na mabinti wawili wa miaka minne, masanduku mawili, na cherehani ya mkono aliyoipakata safari nzima kama mtoto wa tatu. Mume wake, fundi wa kuchomelea vyuma, alibaki nyuma kusubiri kibali cha kuwafuata. Mama Pacha ni mtu wa mpangilio. Siku ya kwanza alipiga deki. Siku ya pili alisajili anwani, bila kosa. Siku ya tatu msimamizi akamwambia aandike jina lake kwenye sanduku la barua pale chini. Akachukua kalamu nene, akaandika kwa herufi kubwa, akapiga mstari: MAMA PACHA.

Angeandika nini kingine? Tangu alipojifungua, mumewe anamwita hivyo, mama mkwe anamwita hivyo, wateja wanamwita hivyo. Jina la kwenye hati lilikaa kwenye hati, na hati ilikaa chini ya godoro. Basi kila asubuhi alishuka na kifunguo chake, akafungua sanduku, akachungulia, akafunga. Jirani wa juu akamuuliza, "Vipi jirani, barua hupati?"

"Sipati, nashukuru," akajibu kwa uso mkunjufu. "Hakuna anayenisumbua. Nchi hii ina amani."

Kumbe tarishi alikuwa akizirudisha moja baada ya nyingine, zimegongwa muhuri kwamba mtu huyu hapa hayupo. Tatu kati ya hizo, mgeni rasmi, zilitoka ofisini kwako. Zilimwita aje athibitishe ombi la mumewe. Hakwenda, faili likafungwa. Alikuja kujua mwezi wa saba tangu afike, alipokwenda mwenyewe dirishani kuuliza mbona kimya. Karani, binti mpole, akamwuliza: "Mama, sanduku lako la barua lina jina lako?"

"Lina," akasema, "tena nimelipigia mstari."

Jumamosi ile alitusimulia hapahapa. Tulicheka mpaka machozi, naye ndiye aliyeanza. Kisha akaanza kukunja mashuka yaliyokuwa kwenye meza. Hayakuwa yake.

Kosa lile mwenyeji hawezi kulifanya, ni kosa letu. Jioni hiyo tulishuka na tochi kukagua masanduku. Tukakuta Baba Mdogo, tukakuta Fundi Viatu, tukakuta Bibi wa Ghorofa ya Nne. Kumi na moja kwa jumla, na kila mmoja alikuwa akishangaa kwa nini nchi hii ina amani.

MAFANIKIO

Tangu hapo familia mpya ikifika haiachwi peke yake. Inapewa mtu wa kutembea nayo siku sita, na mpangilio haubadilishwi.

Siku ya kwanza ni jina: lile la kwenye hati, kwenye sanduku na kwenye kengele ya mlango. La nyumbani liongeze chini ukipenda. Siku ya pili ni dirisha la usajili, na uende na hati zote, halisi na nakala, pamoja na mkataba wa nyumba. Siku ya tatu ni kadi ya kliniki, hata kama wote ni wazima. Kadi haitafutwi mtoto akiwa na homa. Siku ya nne watoto wanaandikishwa shule na wakubwa darasa la lugha, wote, hata anayesema ameshazeeka. Mtoto asigeuzwe mkalimani wa mama yake kwa daktari, kuna mambo si ya masikio yake. Siku ya tano ni basi: mgeni anaongoza njia ya kwenda na kurudi, mwenyeji wake kutoka kikundini anafuata na kufunga mdomo, hata wakipitiliza kituo. Siku ya sita ndiyo kazi.

Hapo ndipo wanapolalamika. Juzi mpishi mmoja alituambia, "Kazi ya sita? Tumbo halijui foleni!" Mwashi akamjibu, "La kwangu lilijua, kaka. Lilipanga mara mbili."

Na barua, mgeni rasmi, inafunguliwa siku ileile. Usiyoielewa unaileta hapa Jumamosi, lakini iwe imefunguliwa.

Familia ishirini na sita zimepita mikononi mwetu, na hakuna hata moja iliyofungiwa faili. Familia kumi na moja kati ya hizo zilitembezwa na Mama Pacha peke yake. Tunaishukuru ofisi yako kwa kukubali kubandika hatua zetu sita pale dirishani kuanzia leo. Tumezipiga chapa kwa maandishi makubwa, kwa ajili ya waliosahau miwani.

CHANGAMOTO

Dirisha lako linafunguliwa saa tatu na kufungwa saa sita mchana. Ni saa ambazo wasafishaji, wapishi na mafundi wa ujenzi hawawezi kutoka kazini, na wengi wetu ndio hao. Fomu ya kuthibitisha anwani nayo haina mfano uliojazwa, kwa hiyo kila mtu anakisia, na kila anayekisia anarudishwa. Changamoto ya tatu ni ya watoto wetu. Wanaijua lugha ya hapa kuliko sisi, na wanatusahihisha ndani ya basi kwa sauti. Hiyo hatukuombi uitatue, ila tumeona uijue.

MAOMBI

Ya kikundi ni mawili. Dirisha lifunguliwe hadi jioni walau siku moja kwa wiki, na fomu ibandikwe ukutani ikiwa imejazwa mfano. Hayo yanaweza kungoja bajeti.

La tatu haliwezi kungoja. Wahenga walisema mganga hajigangi, na sisi tunaye mmoja. Kanuni ya ofisi yako, tumeisoma nyuma ya fomu, inasema faili lililofungwa linaweza kufunguliwa ndani ya miezi kumi na miwili kwa barua moja ya maelezo yenye sahihi ya mwombaji. Kwa Mama Pacha miezi hiyo inakwisha Alhamisi ijayo. Tumemwambia kwa upole, tumemwambia kwa ukali. Jibu lake ni hilohilo: "Niandike nini? Kwamba mtu mzima, na cheti changu cha ufundi, nilishindwa kuandika jina langu? Niacheni. Nitaanza upya."

Kuanza upya ni miaka miwili. Mabinti sasa wametimiza mitano. Wiki iliyopita fundi bomba aliingia na sanduku lake la vifaa, na mmoja wao akamwuliza kama yeye ndiye baba.

Leo asubuhi Mama Pacha alitushuku. Akatuonya, "Mkinitaja mbele ya mgeni, chai mtajichemshia."

Tutajichemshia.

Mgeni rasmi, hatuombi upendeleo. Tunaomba upokee barua leo, kwa mkono wako, kwa kuwa umekuja wakati bado siku zipo. Tumeshaiandika. Ina mistari tisa, haina kilio wala sifa, inaeleza kilichotokea na tarehe zake. Iko mezani mbele yako, chini ya nakala ya risala. Imekosa sahihi tu.

Mama Pacha, tunakuona hapo nyuma. Weka chini hiyo chupa ya chai. Umezitembeza familia kumi na moja hadi kwenye lile dirisha, na hakuna hata mtu mmoja uliyemruhusu aone haya. Sasa ni zamu yako, na safari yenyewe ni hatua nane kutoka hapo ulipo. Wenzako watakupisha. Kalamu hii hapa.

Mgeni rasmi, Mungu akujalie afya, aijaze nyumba yako watu unaowapenda, na akurudishe salama. Tumemaliza kusoma. Tunamsubiri aje, na tunakuomba usubiri pamoja nasi.

Ni sisi,
Kikundi cha Karibu Jirani,
chumba cha kufulia, jengo la tatu.